Gundi au uzi, vanishi au mafuta: kuchagua namna ya kutia manyoya na rangi mishale ya nyumbani

Nimelaza mishale miwili mezani. Mawano yake (wano ndilo jina la ule mti wa mshale) yametoka ubao mmoja, yana unene wa milimita 8, na yote mawili nayapiga kwa upinde mmoja wa ratili 40 (hiyo ni nguvu ya kuuvuta). Hadi kwenye msasa wa mwisho yalikuwa mapacha. Baada ya hapo yakaachana. Mshale wa kwanza una manyoya ya kanga yaliyofungwa kwa uzi wenye nta, mti wake umesuguliwa mafuta ya kitani, na alama ya mwenyewe ni mikato mitatu ya kisu. Wa pili una manyoya ya bata mzinga yaliyobandikwa kwa gundi, kofia nyeupe ya rangi (sehemu ya nyuma ya mshale iliyopakwa) yenye urefu wa sentimita 22, pete mbili nyekundu, na vanishi juu ya vyote.

Yeyote anayeanza kutengeneza mishale yake huniuliza upi ni bora. Yote miwili inaruka vizuri. Kinachowaumiza watu ni kuchukua nusu ya huu na nusu ya ule bila kujua kipi kinamkataa mwenzake. Dazeni yangu ya kwanza niliipaka mafuta ya kitani vizuri kabisa, ikang'aa kama samani mpya, kisha nikabandika manyoya kwa gundi nyeupe ya mbao. Kabla wiki haijaisha manyoya 20 kati ya 36 yalikuwa yamedondoka, mengine yakiwa bado ndani ya podo (mfuko wa mishale), hata mshale haujapigwa.

Kwa hiyo ulinganisho huu hauanzi na manyoya kama watu walivyozoea. Unaanza na kile utakachokipaka mti, kwa kuwa hicho ndicho kinachoamua ni gundi gani itashika, au kama gundi itashika kabisa.

Jambo moja kabla ya hapo: nazungumzia mishale ya kupigia shabaha. Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, na Tanzania haufanyiki bila kibali.

Mafuta, sheleki, sila au vanishi

Mafuta ya kitani ndiyo rahisi kuliko yote kupaka. Kitambaa, tone, sugua, acha. Hayahitaji brashi wala ufundi, hayatiririki, na mti unabaki na sura yake. Yanafaa zaidi kwa mawano ya vichipukizi vya porini, kama mkole, yenye vifundo na mipindo midogo iliyonyooshwa kwa moto, kwani rangi juu ya mti kama huo huonyesha kila kasoro. Ubaya wake ni miwili. Hayazuii maji kwa kiwango cha vanishi, hivyo msimu wa masika itabidi uyarudie kila mara. Na gundi haiyapendi. Ukipaka mafuta sehemu ya manyoya, funga kwa uzi, au usubiri siku nyingi hadi yakauke kabisa ndani ya mti. Hata hapo mimi siwezi kukuhakikishia gundi nyeupe.

Hapa niseme na jambo la usalama ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa kwenye kona huweza kuwaka moto chenyewe, kwa sababu mafuta hayo yanapokauka hutoa joto. Kitandaze nje kikauke kikiwa wazi, au kiloweke kwenye maji kabla ya kukitupa.

Sheleki, yale magamba yanayoyeyushwa kwa spiriti, ndiyo niipendayo kwa anayeanza. Inakauka ndani ya nusu saa hadi saa moja, kwa hiyo tabaka tatu zinamalizika kabla ya chakula cha mchana. Ikikwaruzwa, unapaka nyingine juu nayo inayeyukia kwenye ile ya zamani bila kuacha alama. Udhaifu wake ni maji: mshale uliolala kwenye nyasi zenye umande hutoka na mabaka meupe. Tena kuna mtego. Mafundi wa mishale wamezoea kufuta mti kwa spiriti kabla ya kubandika unyoya ili kuondoa mafuta ya vidole. Juu ya sheleki, kufuta huko kunaondoa sheleki yenyewe. Tumia msasa laini tu, kisha kitambaa kikavu.

Sila, ile ya mafundi samani inayochanganywa na tina, inakauka upesi kuliko hata sheleki na inaziba vinyweleo vya mti vizuri. Inanuka vibaya na inashika moto kwa urahisi, hivyo ni kazi ya uani, mbali na jiko na sigara. Mimi huitumia kama tabaka la chini, chini ya rangi, mara chache ikiwa peke yake.

Vanishi ya mafuta au ya polyurethani ndiyo ngao kamili. Mvua, umande, jasho la mkono, matope ya shabaha iliyochakaa, yote inayastahimili. Inataka subira: saa nyingi kati ya tabaka na tabaka, na siku mbili tatu kabla haijawa ngumu kweli. Uso wake ukishakuwa kama kioo, gundi nyeupe haina pa kuingia, kwa kuwa gundi hiyo hushika kwa kunywewa na mti. Mtu wa vanishi ana njia mbili. Anaweza kuzungushia utepe wa karatasi sehemu ya manyoya ili ibaki mti mtupu, apake vanishi sehemu nyingine zote, kisha abandike kwenye mti mtupu. Au anapaka mshale mzima, anaukwaruza kidogo kwa msasa namba 320 pale manyoya yatakapokaa, na anatumia supaglu au gundi maalumu ya manyoya. Njia ya pili ndiyo imara zaidi kwa maji, kwani mti wote umefunikwa. Ya kwanza ni ya bei nafuu, lakini huacha mlango wazi kwa unyevu pale pale unapotaka pasilegee.

Kwa jinsi ninavyoona, kama unapiga mishale sehemu za pwani au ukanda wenye masika marefu, vanishi haina mpinzani. Dodoma au Kitui, kwenye ukavu, sheleki inakutosha mwaka mzima.

Kubandika au kufunga

Hapa ndipo mishale yangu miwili inapotofautiana hasa, na hapa ndipo watu hushikilia upande kama timu za mpira.

Kubandika kunahitaji kibano, kile kifaa kinachoshika wano na kulizungusha ili manyoya matatu yakae mbali sawasawa, digrii 120 kila moja. Unaweza kukichonga mwenyewe kwa mbao, lakini bila hicho manyoya yatakwenda upande. Gundi nyeupe inataka kama nusu saa kwa kila unyoya kabla ya kufungua. Dazeni moja ina manyoya 36. Kwa kibano kimoja hizo ni saa 18 za kuja, kufungua, kugeuza na kuondoka. Kazi yenyewe ni nyepesi, ila inakukalia siku tatu. Supaglu inashika kwa nusu dakika na dazeni inaisha jioni moja, lakini haikupi nafasi ya kurekebisha: unyoya ukigusa umegusa. Tena ni gundi kavu isiyonyumbuka, na mshale ukigonga mti au jiwe, unyoya mzima huweza kubanduka kwa mkupuo. Gundi ya mirija miwili ni imara kupita kiasi kwa kazi hii na inaongeza uzito nyuma ya mshale, sikushauri.

Kufunga hakuhitaji kibano. Unamenya unyoya ncha zote mbili hadi uti ubaki mtupu kama sentimita moja mbele na moja nyuma. Unafunga ncha za mbele za manyoya yote matatu kwa pamoja, unayavuta yanyooke, unafunga nyuma. Ukitaka yasinyanyuke katikati, uzi unauzungusha kama ngazi ya mnara, ukipita kati ya vinywele vya unyoya kila baada ya milimita 5 hivi, kisha unavinyoosha kwa kidole vijifunge tena. Mshale mmoja hunichukua dakika 20 hadi 25. Wa kwanza ulinichukua saa nzima nao ulikuwa umepinda.

Uzi gani? Wa hariri au wa kudarizi ni mwembamba na unalala vizuri. Wa mshona viatu ni mnene, ila kwa mtoto anayejifunza unafaa kwa kuwa vidole vinauona. Nailoni huteleza na kulegea. Kano la mnyama, lile wanalotumia Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, ni kitu cha ajabu: unalilowesha mdomoni, unalizungusha, nalo likikauka linajikaza na kujigandisha bila gundi. Hata hivyo likilowa linalegea tena, na mjini kulipata ni shughuli.

Faida kubwa ya uzi, ambayo watu huijua wakishaumia, iko kwenye ncha ya mbele ya unyoya. Upinde wa kienyeji hauna rafu ya kuwekea mshale. Mshale unapita juu ya kidole chako. Ncha ya uti iliyobandikwa tu, ikinyanyuka hata nusu milimita, inapita kwenye ngozi kama wembe. Nimeona ncha imezama ndani ya kiungo cha kidole cha shahada na ikabidi itolewe kwa koleo. Ukibandika, basi ncha ya mbele ichongwe ishuke kama mteremko, tone la gundi liwekwe mbele yake, na ukiweza uzungushe uzi mara sita au saba pale mbele. Huo uzi kidogo usiuache kamwe.

Katika mabaki ya meli ya kivita ya Mary Rose, iliyozama karibu na Portsmouth mwaka 1545 na kuinuliwa 1982, zilipatikana zaidi ya mishale 2,000. Mafundi wa Uingereza wa zama hizo hawakuchagua upande: manyoya yaliwekwa kwenye gundi iliyochanganywa na kutu ya shaba, ndiyo maana sehemu ile ina rangi ya kijani, kisha yakazungushiwa uzi mwembamba kutoka mbele hadi nyuma. Inadhaniwa shaba ile ilikuwa kinga dhidi ya wadudu. Mimi nimeifuata njia yao, ingawa bila shaba, kwa mishale ninayoitegemea: gundi chini, uzi juu, tone la sheleki kuuziba uzi. Inachukua muda mara mbili. Kwa mishale sita ya mashindano ninaona inafaa. Kwa mishale ya mazoezi ambayo nusu yake itavunjika ndani ya mwezi, hapana.

Na kwenye ukarabati, uzi unashinda bila ubishi. Unyoya ukiharibika uwanjani, nakata uzi kwa kisu, naweka mwingine, nafunga, naendelea. Uliobandikwa unahitaji kukwanguliwa, msasa, kibano na kesho yake.

Unyoya wa ndege gani

Plastiki naiondoa mapema. Mabawa ya plastiki ni mazuri kwenye pinde za kisasa zenye rafu inayoukwepa mshale. Yakigonga mkono au ubavu wa upinde wa mbao, yanausukuma mshale pembeni. Unyoya hulala ukigusa na kuinuka ukishapita. Kwa upinde wa kienyeji, unyoya tu.

Bata mzinga ndiye wa kwanza kwenye orodha yangu. Unyoya wake wa bawa ni mrefu, unatoa vipande vya sentimita 10 hadi 13 bila shida, ni mgumu vya kutosha, na uti wake ni mpana kiasi kwamba gundi inapata pa kukaa. Wafugaji huchinja wengi karibu na Krismasi. Ongea nao mapema wakuwekee mabawa mazima, kwa kuwa kwao ni takataka. Rangi yake ya asili yenye mistari ni nzuri lakini inapotea kwenye nyasi kavu, jambo nitakalolirudia.

Bata bukini namweka sawa naye, na kwenye mvua namweka juu yake. Unyoya wake una mafuta zaidi na unachelewa kulowa. Wapiga upinde wa Uingereza ya kale walimtegemea sana. Mwaka 1417 mfalme Henry V aliamuru kila bata bukini atolewe manyoya 6 ya bawa kwa ajili ya mishale. Idadi hiyo ina maana: kwenye kila bawa ni manyoya machache tu ya mbele yanayofaa, mengine ni laini mno. Ukiwa na bata bukini mweupe unaweza kuyatia rangi uitakayo. Rangi ya chakula, maji ya moto ambayo hayajachemka, na siki. Unyoya ni wa asili moja na sufu na nywele, hivyo siki inaisaidia rangi kuingia na kubaki.

Kanga wa kufugwa ana unyoya mzuri kuliko wote kwa sura, wenye madoa yake yale meupe. Ni mfupi na mwembamba. Uti wake ukibandikwa unahitaji mkono mtulivu sana, ndiyo sababu mshale wangu wa kwanza una uzi. Kwa mshale mwepesi na upinde usiozidi ratili 40 unatosha. Kwa upinde mzito na chembe (kichwa cha mbele cha mshale) nzito naona mshale unachelewa kutulia.

Jogoo ni wa mazoezi. Anapatikana kila nyumba, manyoya yake ya bawa yanakaa, lakini ni laini na baada ya kupigwa mara nyingi yanabaki vinywele. Yatumie kujifunzia kufunga. Ukiharibu kumi hukupoteza kitu.

Tumbusi. Wahadzabe na wawindaji wengine wa zamani walimthamini tumbusi, na ni kweli kwamba unyoya wake ni mgumu na mrefu. Leo usimguse. Mwaka 2015 aina kadhaa za tumbusi wa Afrika, akiwemo tumbusi wa Rüppell na yule wa mgongo mweupe, ziliwekwa kwenye daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, na sheria za wanyamapori zinamlinda. Hata unyoya uliookotwa chini utakuletea maswali ambayo huna majibu yake. Mwenye bata mzinga hakosi kitu.

Sasa jambo ambalo ni la lazima kuliko aina ya ndege: bawa. Manyoya ya bawa la kulia yamepinda upande mmoja, ya kushoto upande wa pili, na kupinda huko ndiko kunakouzungusha mshale hewani ukatulia. Mshale mmoja ubebe manyoya ya bawa moja tu. Ukichanganya, kimoja kinazungusha kulia, kingine kinavuta kushoto, na mshale unayumba hadi unaanguka. Kulitambua bawa, shika unyoya uso wake wa juu, ule uliobenuka nje, ukutazame, ncha ikielekea mbele. Ubavu mwembamba ukiwa kushoto kwako, umetoka bawa la kulia. Ukiwa kulia, ni la kushoto. Ubavu mpana ndio utakaoutumia. Watu hubishana kama mwenye kutumia mkono wa kulia achague bawa la kulia. Chagua lolote, mradi dazeni yote iwe ya bawa hilo.

Idadi na ukubwa sitavikalia. Manyoya matatu ya sentimita 12 hivi kwa mshale wa mbao, ndivyo wengi tunavyofanya. Manne ya sentimita 10 yanatuliza mshale vilevile, na yana raha moja: huna haja ya kutazama unyoya upi umekaa nje unapoweka mshale kwenye upote (kamba ya upinde). Yanaongeza theluthi nzima ya kazi. Yaelekeze kwa mshazari kidogo, usiyanyooshe sambamba na mti. Unyoya uliosambamba kabisa hautoi mzunguko wa kutosha kwa mshale wenye chembe nzito.

Rangi ni ya macho kabla ya kuwa ya uzuri

Mshale wangu uliopakwa mafuta nimeshaupoteza mara tatu, na mara zote nilikuwa nimesimama juu yake. Kahawia kwenye nyasi za kahawia. Ule wenye kofia nyeupe naona nyuma yake hata jua likiwa limezama. Kama unapiga kwenye uwanja uliofyekwa mbele ya magunia, baki na rangi ya asili. Kama unapiga porini au kwenye mteremko wenye majani, kofia ya rangi nyuma ya mshale inajilipa kwa mishale miwili tu utakayoiokota.

Nyeupe na njano ndizo ninazoziamini. Nyekundu inavutia mchana lakini jioni inageuka nyeusi, na wapo watu, wanaume zaidi, ambao macho yao hayatenganishi nyekundu na kijani cha nyasi. Pete nyekundu juu ya kofia nyeupe ni sawa. Kofia nyekundu nzima sipaki tena.

Namna ya kupaka kofia ziko tatu. Brashi ni nafuu na haina upotevu, ila huacha mistari, na unene hautoki sawa mshale kwa mshale. Kuchovya kunatoa uso laini kuliko vyote: bomba jembamba la plastiki lililozibwa chini, rangi ndani, wano linazama na kupandishwa polepole sana, kwa mwendo usiobadilika. Ukipandisha haraka rangi inatiririka na kuacha tone chini. Bomba liwe jembamba kadiri wano linavyopita, kwa sababu bomba pana linakula rangi ya dazeni tano kwa ajili ya dazeni moja. Kopo la kupuliza ni la haraka lakini nusu ya rangi inakwenda hewani, na kwa kitu chenye unene wa milimita 8 hiyo ni hasara tupu. Mishale sita na chini ya hapo, shika brashi. Dazeni na zaidi, chovya.

Rangi ya maji ya akriliki inakauka upesi, brashi inaoshwa kwa maji, na supaglu inashika juu yake vizuri. Rangi ya mafuta inang'aa zaidi na ni ngumu zaidi, lakini ukiiwahi kabla haijakauka ndani, gundi yenye tina itaikunja kama ngozi ya mzee. Mimi ni mtu wa akriliki chini na vanishi juu. Yoyote utakayoichagua, usipake pale kiungo cha plastiki cha upote (kile kinachoshika upote nyuma ya mshale) kitakapokaa wala pale chembe itakapoingia; rangi hapo inapasuka na kiungo kinaruka na mshale haurudi. Kama mfuo wa upote umeuchonga kwenye mti wenyewe, zungushia uzi chini yake ili mti usipasuke, halafu upake.

Pete hazihitaji mashine. Nimepigilia misumari miwili miwili kwenye ubao, mfano wa herufi V, nalaza wano juu yake, mkono wa kushoto unaliviringisha na wa kulia umeshika brashi nyembamba bila kutikisika. Hiyo ndiyo siri yake: brashi isimame, wano lizunguke.

Mwenye mshale wa mafuta hana pete, ana mikato. Ni njia ya zamani sana kwetu. Wakamba walitia mishale alama za mwenyewe ili ijulikane mnyama ni wa nani, na Mhadzabe anautambua mshale wa mwenzake kwa mapambo yake. Kuna kitu kwenye alama ya kisu ambacho rangi haina: haibanduki. Iwe ya juujuu tu na isizunguke mti mzima, kwani mkato unaozunguka wano ndio mahali litakapovunjika.

Kabla ya kuamua, mizani

Rangi ina uzito, na uzito huo unakaa nyuma. Tabaka mbili za kofia, pete na vanishi vinaongeza kiasi ambacho mkono hauhisi lakini kwenye shabaha kinaonekana, mshale mmoja ukiwa na tabaka tatu na mwingine moja. Napima baada ya kupaka, kwa mizani ndogo ya sonara, na mishale ya seti moja naiweka ndani ya tofauti ya gramu 0.65. Ugumu wa wano napima kabla ya rangi: misumari miwili umbali wa sentimita 66, wano juu yake, uzito wa gramu 907 unaning'inizwa katikati. Nachukua 660 nagawanya kwa milimita lilizopinda. Likipinda milimita 13.2, ni wano la upinde wa ratili 50. Kanuni hii ni ile ile ya wauzaji wa mawano duniani, ila imegeuzwa iwe milimita. Hakuna manyoya wala rangi itakayomwokoa mtu aliyeweka wano la ratili 30 kwenye upinde wa 50.

Nikiulizwa na kijana wa Kilifi anayetaka dazeni ya kwanza, na mvua inakuja, nitamwambia: vanishi mshale mzima, msasa mwepesi, manyoya matatu ya bata bukini, supaglu, uzi ncha ya mbele, kofia nyeupe. Mama wa Singida anayetaka kumfundisha mwanawe kazi ya mikono kwenye ukavu, bila kibano na bila fedha nyingi: vichipukizi vya mkole, mafuta ya kitani, manyoya ya kanga wa nyumbani, uzi wenye nta, mikato ya kisu. Ayaweke manyoya yake juani mara kwa mara kisha kwenye chombo kinachofunga, kwa sababu wadudu wanapenda unyoya kuliko sisi. Na yakijikunja ayapitishe juu ya mvuke wa birika. Yanarudi kama mapya.

Wote wawili nitawataka wafanye jambo moja kabla ya kugusa mawano yao mazuri. Chukua kipande cha mti ule ule, kipake vile vile, bandika au funga unyoya mmoja, kiache siku mbili, halafu uuvute kwa nguvu. Unyoya ukichanika kabla ya kitu kingine kuachia, anza dazeni yako.